Taa Imewaka Kwenye Dashibodi: Maswali Yenu na Majibu

Maswali mengi mliyonitumia safari hii yanahusu taa za dashibodi. Kwanza tazama rangi. Nyekundu inakutaka usimame mara tu upatapo mahali salama. Ya njano inakupa nafasi ya kufika kwa fundi, ila ikianza kupepesa, punguza mwendo na usiikanyage injini kwa nguvu. Kijani na buluu ni taarifa tu.

Naendesha teksi hapa Kondele. Taa nyekundu yenye umbo la kibirika hupepesa nikikwama kwenye foleni, nikikanyaga mafuta inazimika. Fundi anasema ni waya tu. – Dereva, Kisumu

Ndugu yangu, usibebe abiria mwingine kabla ya kupima. Taa hiyo haisemi oili ni kiasi gani, inasema presha yake imeshuka. Injini ikiwa moto na inazunguka polepole, pampu husukuma kwa nguvu kidogo, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Huenda oili imepungua, imekuwa nyepesi kwa kukaa muda mrefu, chujio la pampu limezibwa na tope, au beringi za injini zimelika.

Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika tano, kisha chomoa kijiti cha oili. Ikiwa chini, ongeza ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikiwa kiwango ni sawa na taa bado inapepesa, gari livutwe hadi gereji. Inawezekana fundi wako amesema kweli, maana swichi ya presha huharibika, na waya wake pia. Lakini jambo hilo huthibitishwa kwa kufungua swichi na kufunga geji mahali pake. Asipofunga geji, anakisia, na hasara ya kukisia kwake utailipa wewe kwa kununua injini nyingine.

Nakuru mjini gari halina shida. Nikipanda kwenda Eldoret, karibu na Timboroa taa ya joto huwaka nyekundu. Thamostati iliondolewa zamani ili injini ipoe. – Mama wa watoto watatu, Nakuru

Mama, anza na hiyo thamostati, yaani vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto ili yaende kwenye rejeta. Desturi ya kuiondoa imeenea sana katika gereji zetu, nami naipinga kila nipatapo nafasi. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake na hunywa petroli zaidi. Tena katika injini nyingi, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupoa, na kwenye mlima mrefu hapo ndipo gari huchemka. Rudisha thamostati ya aina inayofaa injini yako.

La pili ni kifuniko cha rejeta. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako maji kwenye sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Timboroa, iliyo karibu na mita 2,700, maji huchemka kwa nyuzi 91. Kifuniko kizima hubana maji kwa presha hadi yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Raba yake ikichakaa, kinga hiyo hupotea, na kadiri unavyopanda ndivyo hatari inavyokuja mapema. Spea hii ni ya bei ndogo, ibadilishe kabla hujauziwa rejeta. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya mferejini, na hakikisha feni inazunguka.

Taa ikiwaka njiani, simama, zima injini, usubiri nusu saa au zaidi. Nakusihi usifungue kifuniko kikiwa moto. Presha ikitoka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Gari lako likiwa dogo lisilo na sindano ya joto, kama Vitz nyingi, ujue taa nyekundu huja mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hiyo usijaribu kufika kituo kinachofuata.

Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inasema kitu kwa Kijapani. Ni hitilafu? – Bungoma

Kwa kawaida hiyo ni mashine ya kulipia barabara za Japani, inakwambia hakuna kadi ndani yake. Fundi wa umeme ataichomoa bila shida.

Taa ya njano ya injini imewaka. Fundi mmoja ataifuta kwa mashine, mwingine anataka kubadilisha sensa ya oksijeni. – Nakuru

Usikubali lolote kabla ya kuandikiwa msimbo wa kosa uliosomwa kwenye kompyuta ya gari. P0301, kwa mfano, inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Hapo fundi huhamisha koili, inayoipa plagi umeme wa cheche, kwenda silinda nyingine, na kosa likihama nayo, mbaya ni koili. P0420 inasema kichujio cha moshi kwenye eksosi hakifanyi kazi, na mara nyingi watu hubadilisha sensa bure. Chungulia kama kichujio kipo, kwa sababu huibwa na kuuzwa kwa ajili ya madini ya thamani yaliyo ndani. Kufuta taa bila kutengeneza kitu kunapoteza ushahidi, na taa itarudi.

Nataka kununua gari la mtu hapa Kakamega. Dashibodi haina taa hata moja. Ni dalili njema? – Mwalimu

Inategemea ulitazama lini, mwalimu. Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Taa za injini, oili, betri, ABS (breki zinazozuia magurudumu kukwama) na mifuko ya hewa zinatakiwa ziwake, kisha zizimike injini ikishika. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa au kuzibwa makusudi, hasa ya injini na ya mifuko ya hewa. Halafu funga mkono wa breki uone kama taa yake inawaka. Taa hiyohiyo huonya mafuta ya breki yakipungua, nawe utakuwa ukiteremka Kisumu kupitia Kiboswa na familia ndani. Muuzaji akikataa usome misimbo kwa mashine, achana na gari hilo.