Picha za harusi kwenye DVD: nichague diski ipi, na nizitunzeje?

Swali: Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Kirumba, Mwanza, na huwahifadhia wateja picha zao kwenye DVD. Hivi karibuni nimekuta diski kadhaa za miaka ya nyuma hazisomeki, ingawa hazina mkwaruzo hata mmoja. Je, nitumie DVD-R au DVD-RW, na nizitunzeje katika mji huu wa kando ya ziwa?

Jibu: Ndugu msomaji, diski isiyo na mkwaruzo inaweza kuwa imekwisha kuharibika, kwa sababu unapochoma DVD-R, yaani unapoiandikia data, leza huunguza tabaka jembamba la rangi ya kikaboni, na rangi hiyo huchakaa kwa joto, unyevu na mwanga, hasa mwanga wa jua. Aidha, DVD ni vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa pamoja, data ikiwa katikati. Gundi ikiachia ukingoni, unyevu huingia ndani na kula tabaka la metali linaloakisi leza. Ichunguze diski iliyogoma mbele ya dirisha: madoa au michirizi inayoanzia ukingoni ni dalili ya uharibifu huo.

Kwa kuhifadhi, chagua DVD-R, inayoandikwa mara moja tu. DVD-RW imetengenezwa ili ifutwe na kuandikwa tena, kwa hiyo inafaa kumpelekea mteja picha za kuchagua, lakini haifai kuwa hazina ya kazi iliyokamilika, ambayo mtu mwingine studioni anaweza kuifuta kwa bahati mbaya. Ukiwa na uwezo zaidi, zipo M-DISC, aina ya DVD za kuhifadhi kwa muda mrefu, ambazo tabaka lake la kuandikia si la kikaboni. Bei yake iko juu na huhitaji draivu (kifaa cha kusoma na kuandika diski) inayoweza kuziandika, ila zikishachomwa husomeka kwenye draivu za kawaida za DVD.

Usishangae DVD ya gigabaiti 4.7 ikionekana kwenye kompyuta kama 4.38, kwani ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Hata hivyo usiijaze hadi mwisho, kwa kuwa makosa ya kusoma hutokea zaidi karibu na ukingo wa nje. Harusi yenye video za gigabaiti 60 itahitaji DVD zisizopungua 13, na hapo Blu-ray, diski yenye nafasi kubwa kuliko DVD, ya gigabaiti 25 ina nafuu kubwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni uhakiki. Choma kwa kasi ya wastani, iambie programu ihakiki data baada ya kuchoma, kisha fungua picha kadhaa kwenye kompyuta nyingine, si ile iliyochoma. Diski ambayo haijapita hapo mimi siihesabu kuwa nakala, hata kama programu imeandika kwamba kazi imekamilika. Fanya hivyo pia kwa diski moja ya aina mpya kabla hujanunua boksi zima madukani mjini.

Kuhusu utunzaji, ziweke zikiwa zimesimama wima ndani ya kasha gumu, kabatini, mbali na dirisha na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Misimu ya mvua ndiyo migumu zaidi kwa mji wetu. Weka ndani ya boksi linalofungika vizuri vile vifuko vya chembechembe vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe vikishashiba unyevu. Usibandike stika, bali andika kwa kalamu ya wino wa maji kwenye duara la katikati lisilo na data. Unapoitoa diski, bonyeza kitovu cha kasha kwanza, maana kuikunja ndiko kunakoachanisha gundi. Ukiifuta, futa kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mkondo wa data huharibu sehemu ndefu kuliko ile ambayo draivu inaweza kuisahihisha.

Mara moja kwa mwaka soma diski chache za kila kundi. Ile inayoanza kusoma polepole inakiliwe siku hiyohiyo. Nakala ya pili iwe kwenye diski ngumu (hard disk) ya nje, katika nyumba nyingine. Na kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi mpya haziji tena na draivu ya diski, nunua mapema draivu ya nje ya USB.