Wakufunzi wapya, acheni kukata alama za ukweli

Nimepitia mafaili ya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, mliyosahihisha muhula huu. Chini ya kila andalio la somo, sehemu ya tathmini, wimbo ni ule ule: "Somo limeeleweka vizuri." Kwenye maoni: "Nitawasaidia wachache ambao hawakuelewa." Tiki nyekundu, sahihi, tarehe. Jamani! Hiyo si tafakuri, na kila tiki inamwambia mwanachuo aendelee hivyo hivyo.

1. Msiulize "kipindi kilikwendaje?" Ulizeni ni wakati gani darasa lilimponyoka, mtoto alijibu nini, naye akafanya nini.

2. Katika hatua sita za tafakuri alizopanga Gibbs (1988), wengi huishia kwenye ya kwanza, kusimulia. Wasukumeni wafike kwenye uchambuzi na mpango wa kesho.

3. Hapa nitakaa kidogo. Nikiwa mgeni kazini kama nyinyi, mwanachuo wangu mmoja alifundisha kujumlisha sehemu, darasa la tano. Watoto wakaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, jibu dogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo! Kwenye tathmini akasema kweli: wengi wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa sababu alikimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika) kabla hawajaona kwamba vipande havilingani. Kijana alikuwa ameligundua tatizo lenyewe, tena bila kuambiwa na mtu. Mimi nikamkata alama, nikaandika: "Jiandae zaidi." Mwenzake wa "limeeleweka vizuri" nikampa nyingi. Kipindi kilichofuata nikafungua faili la yule msema kweli: "Somo limeeleweka vizuri." Hakuandika kingine mpaka BTP ikaisha. Kuficha alikuwa hajui. Nilimfundisha mimi, na bado inaniuma. Ningemuuliza tu, "Kesho utaanzia wapi?", angeweza kufikiria mwenyewe kuwakunjisha watoto karatasi, moja vipande viwili sawa, nyingine vitatu, wakalinganisha vipande kwa macho yao.

4. Kwa hiyo alama ya kufundisha na alama ya tafakuri zikae mbalimbali. Kipindi kibovu kilichochambuliwa vizuri kistahili alama za juu za tafakuri.

5. Tafakuri ya mtu haisomwi mbele ya wenzake bila ruhusa yake.

6. Rudisheni faili kabla ya kipindi kinachofuata, likiwa na swali moja la kujibiwa. Mkikaa nyuma ya darasa, fungueni kwanza tathmini ya jana, kisha tazameni kama alichosema atakibadilisha amekibadilisha.