Gani ya misumari ya upepo: mmeuliza, nawajibu

Safari hii karibu maswali yote yanahusu gani ya misumari ya finishing, yaani bunduki ya kupigia misumari myembamba ya kumalizia kazi ya mbao, ile ya kutumia upepo wa kompresa. Twende.

Misumari mingine inabaki imechungulia, mingine inazama mpaka mbao inachanika. Niongeze presha?

Usikimbilie presha bana. Weka PSI (kipimo cha presha ya upepo) 80 au 90 hivi, usivuke ile maximum iliyoandikwa kwenye mashine, halafu kina uachie kile kigurudumu kidogo karibu na mdomo. Chukua kipande cha mbao ile ile unayofanyia kazi, maana mbao laini inameza msumari na ngumu inagoma, piga mmoja, zungusha kidogo, piga tena, mpaka kichwa kizame kama milimita 2, yaani kashimo ka kuingia puti tu, ukipapasa na kidole usikute chuma. Sasa kama ni mmoja tu kati ya ishirini umebaki juu usiguse setingi, labda hukukandamiza vizuri gani ikaruka, we uzamishe kwa panchi, kile kichuma cha kusukumia kichwa cha msumari, na nyundo yaishe.

Mkono ulioshika mbao niuweke wapi?

Mbali kuliko unavyodhani. Ule msumari ni mwembamba, ukikutana na fundo unapinda humo humo ndani unatokea ubavuni, mimi ulishanitokea pembeni ya kidole gumba, ncha inang'aa kabisa, nikaweka gani chini nikaenda kukaa kwanza. Kwa hiyo msumari wa milimita 50, vidole vikae mbali zaidi ya hizo 50, na kipande kikiwa kidogo funga klampu.

Ikikwama naweza kuichokonoa bila kuchomoa hosi? Ni sekunde tu.

Hapana. Chomoa hosi kwanza, hata kama umeshatoa misumari yote, upepo uliobaki ndani bado unaweza kurusha ule uliokwama.

Triga ipi nzuri, ya kubonyeza kila msumari au ile unashikilia halafu unagonga gonga mdomo?

Kwa finishing, ya kubonyeza kila mmoja, mdomo ukishakaa kwenye mbao. Ile nyingine ni ya haraka ila gani ikidunda tu imeshapiga wa pili, na hujui umeenda wapi.

Kompresa imekufa, nina mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Vipi?

Weeh! Oksijeni na mafuta yaliyomo kwenye gani ni mlipuko huo. Subiri kompresa itengenezwe, na miwani ya kazi uvae, hilo hata hamkuuliza.