Asilah, mji unaojifuta wenyewe

Yambo wahariri. Wiki hii mmetuuliza: ni mji gani mdogo wa pwani uliofika ukaona kazi za wasanii barabarani, na ni kitu gani ulichokiona huko ambacho hakijakutoka kichwani? Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Huku kwetu bahari tunaisikia tu, kwa hiyo ningeweza kuwaachia watu wa Mombasa na Zanzibar wajibu. Lakini kazi yangu ni kuchora kuta. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeandika majina ya vinyozi, ya bar na ya mafundi viatu, kutoka Katuba mpaka Kenya (Kenya ni komini ya hapa kwetu, msichanganye), na mji nitakaousema ulinikera kwanza kabla ya kunipendeza.

Ni Asilah, nchini Moroko. Binti yangu anasoma Tanger, na Asilah iko kusini ya hapo, kilometa kama 40, ukingoni mwa Atlantiki. Mambo ya viza siyasimulii, yangeharibu jibu zima. Tulifika mwezi wa 11, msimu wa wageni umekwisha, upepo unapiga, wauza samaki wamejikunyata. Mji wa kale umezungukwa na kuta za Wareno, walioiteka Asilah mwaka 1471. Ukishapita lango la Bab Homar unajikuta kwenye vichochoro vyeupe pe, milango ya buluu na ya kijani, halafu unakata kona na ukuta mzima wa nyumba ya mtu umejaa picha: jicho kubwa, ndege, mistari inayojipinda, sura isiyo na mdomo.

Mimi kabla ya picha hutazama kilichoibeba. Nikasogea pale rangi ilipoanza kubambuka, nikatia kucha. Chini ya rangi kulikuwa na chokaa, chini ya chokaa rangi nyingine, chini yake chokaa tena. Kitunguu! Binti akanivuta mkono: «Papa, acha, watatukamata.» Kumbe mwenye nyumba alikuwa ametusikia. Akafungua mlango, mama wa makamo na unga mikononi, na wala hakukasirika. Kwa Kifaransa chake na changu tukaelewana. Nilimuuliza kama anaipenda picha iliyo nje kwake. Akaitazama kidogo, kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa siku nyingi, akasema ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa nzuri zaidi. Basi iko wapi? Akanionyesha kwa kidole: iko hapo hapo, chini.

Mambo yalianza 1978. Watoto wawili wa mji huo, Mohamed Benaissa na mchoraji Mohamed Melehi, waliwaita wasanii wachore kwenye kuta za mji wa kale, ambao wakati ule ulikuwa umechakaa. Ikawa tamasha la kila mwaka. Wasanii wanakuja, wanachora, hata watoto wa mji wanapewa brashi, na msimu mwingine ukikaribia kuta nyingi zinapigwa chokaa ili wengine wapate nafasi. Mwaka 1989 ukarabati wa mji ulipewa tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan. Benaissa baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Melehi alifariki 2020, Benaissa 2025.

Sasa, mnielewe. Mtu wa kazi yangu analipwa ili kitu kikae. Mteja akiona herufi zimechujuka baada ya mvua mbili, anakuja mpaka nyumbani, mbele ya watoto, anadai makuta yake, yaani pesa zake. Kwa hiyo nimezoea kupiga rangi ya mafuta, kuipa siku ikauke, kupiga tena. Pale Asilah chumvi ya bahari inakula kila kitu, na watu wamekubali iile. Hawapigani nayo. Siku ya kwanza niliona ni ubadhirifu tu. Jioni, tumekaa kwenye kile kigati cha Krikia, mawimbi yanapasuka miguuni petu na vijana wanapiga picha jua likizama, nilikuwa bado nabishana na binti yangu. Yeye aliniuliza swali moja: «Papa, kwa kinyozi wa kwenye kona yetu, ni lini mara ya mwisho mtu alisimama akaangalia ule ukuta wako?»

Sikumjibu. Nilichora mkasi na kichwa pale zamani sana, na ni kweli, watu wanaegemea tu.

Sisemi kwamba Lubumbashi haina wachoraji. Tangu 1946 wale wa Hangar, shule ya uchoraji ya hapa kwetu, akina Pilipili Mulongoy na Bela, walichora samaki, ndege na majani mpaka Ulaya ikashangaa. Wakati wa utoto wangu kila sebule ilikuwa na picha ya mamba muntu, yule nguva mwanamke wa majini, na kwa baba yangu Lumumba alining'inia pembeni yake. Lakini zote hizo zilikuwa ndani. Nje tulibaki sisi wa vinyozi.

Na si kila picha ya Asilah ni kazi. Nyingine ningeona haya kumpelekea hata muuza mkaa. Tena kuna nyumba nyingi zilizonunuliwa na wageni, zimefungwa kufuli, picha nje na hakuna mtu wa kufungua mlango na unga mikononi.

Kesho yake tulipita kwenye bustani ndogo yenye jina la Tchicaya U Tam'si, mshairi wa Kongo-Brazzaville. Alikuwa akihudhuria tamasha lile, akafariki 1988, na sasa kuna tuzo ya ushairi wa Afrika yenye jina lake. Mwaka 1960 alikwenda Léopoldville (Kinshasa ya leo) kuandika gazeti upande wa Lumumba. Lumumba mwenyewe aliuawa tarehe 17 Januari 1961, porini, si mbali na mji wetu. Nilikaa kwenye ile bustani muda mrefu kuliko binti alivyotaka, na baridi ile.

Mwezi wa saba akanitumia picha kwenye simu. Ni ule ukuta wa mama wa unga, umeshapakwa chokaa, ngazi imeegemezwa. Nimeikuza picha na kuiangalia vizuri. Chokaa wameipiga nyepesi mno, kijani cha zamani bado kinachungulia.

Msomaji, Katuba, Lubumbashi