Kuhusu mistari kung'oka pembeni mwa bodi

Umeuliza kwa nini bodi yako ya saketi, uliyoimulika kwenye sanduku la taa za LED za urujuanimno (UV), inatoka safi katikati huku mistari ya pembeni ikioshwa na dawa ya kusafishia filamu. Si filamu mbovu (ile tabaka inayobandikwa juu ya shaba na kuganda ikipigwa na mwanga), ndugu. LED za katikati zinasaidiana na jirani zake, za ukingoni hazina wenzao, kwa hiyo pembeni mwanga haukutosha kuigandisha filamu. Panua safu ya taa ipite ukubwa wa bodi. Halafu geuza plastiki uliyochapia mchoro: wino uguse bodi, kioo kikandamize juu, la sivyo miale ya urujuanimno inapenyeza chini ya wino. Weka na swichi ya kuzima taa mfuniko wa sanduku ukifunguliwa, miale hii inaumiza macho na macho hayana spea. Muda wa kumulika usikisie: funika kipande cha majaribio chenye filamu kwa kadibodi, isogeze kidogo kila sekunde 30 ili kila sehemu ipate muda tofauti, kioshe kwa dawa, ulinganishe.