Ndege ikighairi kutua, mwacheni rubani afanye kazi yake

Wenzangu mnaofuata mzigo Guangzhou kwa kupitia Hong Kong, ndege ikikaribia chini kisha ikapaa tena, msimfokee mhudumu wala msimtukane rubani. Nimewahi kuwa ndani ya ndege iliyofanya hivyo. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata tone la mvua, na abiria wengi waliamini rubani hajui kazi. Tulizunguka, tukatua salama. Baadaye nilitafuta kujua hatari gani inaweza kuonekana kwenye anga jeupe kama lile.

Uwanja wa Hong Kong ulifunguliwa mwaka 1998 huko Chek Lap Kok. Kusini yake kuna kisiwa cha Lantau, chenye kilele cha mita 934. Upepo ukivuka milima ile huteremka umevurugika, tena palepale ndege zinapopita zikiwa chini na kasi ndogo. Ndege huelea kwa hewa inayopita kwenye mabawa. Upepo wa mbele ukikatika ghafla, ndege huzama, na karibu na ardhi rubani hana nafasi ya kujiokoa. Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya Delta namba 191 iliingia kwenye upepo wa namna hiyo chini ya wingu la radi ikijiandaa kutua. Walikufa watu 137.

Rada ya hali ya hewa huona upepo kwa kutumia mvua: mawimbi yake hugonga matone na kurudi, na mabadiliko ya mawimbi hayo huonyesha matone yanakwenda kasi gani. Kukiwa kukavu, haina cha kugonga. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu wa hali ya hewa wa Hong Kong waliongeza lida uwanjani. Hiyo hutuma mwanga wa leza usioonekana kwa macho, ukagonga chembe za vumbi zinazopeperushwa na upepo. Mvua ikinyesha sana, lida nayo hupofuka na rada ndiyo huona. Lida huchunguza njia ileile ndege inayoshukia. Upepo wa mbele ukibadilika kwa noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa, onyo hutolewa, kisha mnara wa kuongozea ndege humwambia rubani, naye huweza kughairi kutua, akapaa tena na kuzunguka. Mimi nashukuru mno kwa kifaa hiki.

Kwa hiyo mkiwa na safari ya kuunganisha, acheni saa za kutosha katikati, hasa msimu wa vimbunga.

Na mkanda, jamani! Huko juu sana hakuna lida ya uwanjani. Rada iliyo kwenye pua ya ndege hutegemea mvua vilevile, hivyo msukosuko wa hewa kavu hauioneshi kitu. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines kutoka London ilirushwa vibaya juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi walijeruhiwa. Rubani alitangaza taa ya mkanda imewashwa sekunde chache tu kabla, na ambao hawakuwa wamefunga walirushwa hewani. Ukitaka kulala, funga mkanda juu ya blanketi ili mhudumu auone asikuamshe. Ukitoka msalani, rudi kitini moja kwa moja; mazungumzo ya bei za mzigo yanaweza kungoja hadi mfike.