Mvua Inanyesha Mlimani, Maji Yanakufuata Korongoni

SWALI: Mwezi Agosti mimi na wenzangu watatu tutapita kwa miguu kwenye makorongo membamba ya kusini mwa Utah, Marekani. Tunasikia habari za mafuriko ya ghafla, ila utabiri wa mji tutakaolala huwa ni jua tu. Anga likiwa jeupe juu yetu, si tunaweza kuingia? Na je, gari likikuta maji barabarani?

JIBU: Hapana, msiingie kwa sababu hiyo tu. Anga la kutazama ni la kule maji yanakotoka. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, ilhali pale walipokuwa mvua ilikuwa haba mno. Dhoruba ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa kutoka hapo, kule mkondo unakotokea. Kwa hiyo chukueni ramani ya mwinuko, mzungushie kalamu eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo lenu, kisha mtafute utabiri wa eneo hilo. Wa mjini hauwasaidii.

Piga hesabu. Milimita 25 za mvua juu ya kilomita za mraba 10 ni mita za ujazo 250,000. Mwamba mtupu haunywi maji, na udongo wake ni mwembamba. Hata nusu tu ikitiririka, ni mita za ujazo 125,000 zinazolazimishwa kupita kwenye mwanya ambao pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mlima uliopitiwa na moto ni hatari zaidi: nta ya mimea iliyoungua hugandia kwenye udongo, maji yakateleza juu yake.

Msimu wenyewe wa mvua hizi za ngurumo huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kufikia adhuhuri mawingu yanarundikana juu ya vilele. Ngurumo nyingi huja alasiri. Ingieni alfajiri, saa sita mchana muwe mmeshatoka.

Kwa hifadhi ya Zion, iliyoko huko huko kusini mwa Utah, hutolewa kila siku makadirio ya mafuriko ya ghafla ya ngazi nne, kuanzia "hayatarajiwi" hadi "yanatarajiwa". Ngazi ya pili, "yanawezekana", ni rahisi kuipuuza. Kwa korongo lisilo na pa kupandia, sisi tungeahirisha hapo hapo.

Mkiwa ndani, tazameni kuta: vijiti na magogo yaliyokwama juu ya vichwa vyenu yanaonyesha maji yalifika wapi safari iliyopita. Maji safi yakigeuka tope, yakianza kubeba majani na vijiti, au upepo wa ghafla ukivuma kutoka juu pamoja na mngurumo, pandeni papo hapo, hata mita mbili. Acheni mizigo. Msikimbie kufuata mkondo, maji yatawapita. Mkishapanda, kaeni huko hata maji yakionekana kupungua, kwa maana wimbi la pili laweza kuja.

Kuhusu gari, jibu ni fupi: geuzeni. Sentimita 15 za maji ya kasi humwangusha mtu mzima, 30 hubeba gari dogo, 60 huondoka na magari mengi, yakiwemo makubwa. Isitoshe, chini ya tope hilo huoni kama barabara ingalipo.